Kituo cha historia cha kaunti: mwongozo kamili wa kukusanya, kuhifadhi na kuonyesha picha za zamani na vyombo vya kale

Kaunti ya Kilifi haijapungukiwa na historia ya kuonyesha wageni. Misitu ya kaya za Wamijikenda, yaani vijiji vyao vitakatifu vya kale, iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, magofu ya Gede yakafuata mwaka 2024, Malindi pana nguzo ya Vasco da Gama, na Rabai pana makumbusho ndani ya kanisa la kale la wamishonari. Lakini mwanafunzi wa Mariakani akikuomba picha ya soko la kwao miaka ya 1960, au wa Vipingo akitaka kuwaona wakata mkonge wa enzi za babu yake, huna pa kumpeleka. Si kwamba picha hazipo. Zimo kwenye masanduku chini ya vitanda, kwenye albamu zilizoshikana kurasa, na ukutani ndani ya fremu ambazo jua la saa kumi linazipiga kila siku.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na kituo cha historia cha kaunti. Mwongozo huu nimeuandika nikiifikiria Kilifi, ila hatua zake zinafaa Kwale, Lamu, Tana River, Taita Taveta na hata kaunti za bara. Kisheria mlango uko wazi: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka makumbusho na maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Afisa wa utamaduni akikuambia hiyo ni kazi ya Nairobi, mfungulie ukurasa huo kwa adabu.

Hatua ya 1: Anza na meza, si jengo

Wengi huanza kwa kuomba jengo. Jengo huzaa kamati, kamati huzaa vikao na posho, na siku ya uzinduzi inapofika, kabati za vioo hazina kitu ndani isipokuwa kibuyu kimoja na ngoma mbili. Huku nyuma wazee waliokuwa wakiwajua watu wa kwenye picha wamekwenda zao.

Anza na meza moja, skana moja ya kulaza, kompyuta ndogo, diski mbili za nje na watu watatu. Wa kwanza anapokea watu, anawaandika na kuwapa chai. Wa pili anaskani. Wa tatu, ambaye ndiye muhimu kuliko wote, anakaa na mwenye picha na kumuuliza. Jengo litakuja baadaye, na likija mtakuwa na vya kuweka ndani.

Na tangu mwanzo amueni kwamba kazi yenu ni kuchukua nakala na kurudisha picha papo hapo. Mwenye picha aione inalazwa kwenye kioo cha skana, aione inatoka, na aende nayo nyumbani. Pwani watu wamechukuliwa vitu vyao mara nyingi kwa ahadi ya "tutarudisha": wakachukua watafiti, wakachukua waandishi wa habari, wakachukua hata wanafunzi wa chuo. Ukiomba kubaki na picha halisi hata kwa usiku mmoja, habari itazunguka mtaa mzima kabla ya Isha, na kesho hutaona mtu.

Hatua ya 2: Fomu ya makubaliano

Andaa karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, na uwe tayari kuisoma kwa sauti kwa asiyesoma. Iseme mambo manne: nani ameleta picha, kituo kinaruhusiwa kufanya nini nayo, nani anaweza kuiona, na mwenye nayo akibadili nia afanyeje. Nakala moja yenu, nyingine yake.

Kuhusu nani aone, msiandike "ndiyo" na "hapana" tu. Wekeni ngazi nne:

- watu wote, mtandaoni pia;
- wanaofika kituoni tu;
- wanawake tu;
- familia tu, mpaka tarehe itakayotajwa.

Ngazi ya tatu si pambo. Picha nyingi nzuri za harusi za mwambao zilipigwa ndani, siku ya kutolewa bibi harusi, wanawake wakiwa wamefungua nywele, wamejipamba kwa asumini na hina, kwa kuwa aliyeshika kamera alikuwa mwanamke mwenzao au ndugu wa karibu. Waliopigwa picha hizo hawakudhani zitatazamwa na umma. Wengine bado wako hai, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda. Picha za aina hii zipokelewe na mwanamke, ziskaniwe na mwanamke, na ziwekwe kwenye folda yenye nywila yake. Kituo kisichokuwa na mwanamke mezani kitakosa nusu ya historia ya Malindi na Mambrui, na kitastahili kukosa.

Kisha pana suala la hakimiliki, ambalo watu hulichanganya na umiliki wa karatasi. Mama anayo picha, ni mali yake, lakini haki ya kuichapisha huenda ni ya mpiga picha. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inailinda picha kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa mara ya kwanza, ikihesabiwa ile tarehe ya mwisho kabisa. Kwa picha za familia zilizopigwa na mjomba, tatizo ni dogo. Kwa picha za studio, geuza nyuma utafute mhuri. Studio ya N. V. Parekh ilifanya kazi Mombasa kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1940. Lamu alikuwapo Omar Said Bakor, aliyekuwa akikata na kuunganisha picha mpaka mtu akaonekana amekaa ndani ya ua. Kazi za watu kama hawa zina warithi na zinatafutwa na makumbusho ya ng'ambo. Andika jina la studio kwenye kila maelezo, na kabla ya kutumia picha kwenye kalenda au kitabu cha kuuzwa, tafuta ruhusa.

Hatua ya 3: Siku ya picha kijijini

Usiwasubiri watu ofisini. Nenda kwao. Pita kwanza kwa chifu na mzee wa kijiji, halafu kwa imamu au mchungaji, maana tangazo la msikitini baada ya Ijumaa na la kanisani Jumapili lina nguvu kuliko bango. Chagua mahali penye kivuli na umeme: darasa, ukumbi wa kanisa, ua wa madrasa. Epuka ofisi ya chama chochote cha siasa, na epuka miezi ya kampeni kabisa.

Tangazo liwe wazi: leteni picha za zamani, barua, vyeti, vipande vya enzi za mkoloni, leso, chochote, tutachukua nakala na mtaondoka navyo. Wasisitizie walete hata picha mbovu. Watu huacha nyumbani picha "mbaya", ile ambayo bibi arusi amesogea na nyuma yake kuna duka, kumbe hilo duka ndilo mnalolitafuta.

Mtu akifika, mpe namba na umwandike. Picha zake zisichanganyike na za mwingine hata dakika moja: sinia moja kwa mtu mmoja. Hii ndiyo sheria ya meza nisiyoiruhusu ilegee.

Hatua ya 4: Kushika na kuskani

Mikono ioshwe na ikauke. Glavu za pamba zinapendeza kwenye televisheni lakini zinateleza na kunasa kona zilizochanika. Kwa picha za karatasi mikono safi inatosha, ukishika kwenye kingo. Kwa negativu, yaani filamu au vioo vya zamani vilivyotumika kusafishia picha, vaa glavu nyembamba za mpira. Vumbi liondolewe kwa brashi laini ya rangi ya maji, kutoka katikati kwenda nje. Usitumie maji wala mate, na usifute kwa kitambaa cha miwani.

Ukikuta picha imeshikana na kioo cha fremu, usiibandue. Uso wa picha una tabaka la jelatini ambalo kwa unyevunyevu wa pwani hugeuka gundi, na ukivuta, sura ya mtu itabaki kwenye kioo. Iskani ikiwa humo humo. Albamu za miaka ya 1970 na 1980 zenye kurasa za gundi na plastiki ni adui mwingine. Kama picha haitoki kwa kupitisha polepole uzi wa kusafishia meno chini yake, iache na uskani ukurasa mzima.

Vipimo vya kuskani (dpi ni idadi ya nukta kwa kila inchi):

- picha ya ukubwa wa posta au ndogo kidogo: 600 dpi;
- picha ya pasipoti au nyingine ndogo hivyo: 1200 dpi;
- barua, cheti, ukurasa wa A4: 300 hadi 400 dpi;
- negativu, kama skana yako ina taa ya juu: 2400 dpi na kuendelea.

Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu umanjano wa karatasi na wino wa mhuri ni ushahidi. Zima "kuboresha picha" kwenye programu ya skana. Acha ukingo mwembamba kuizunguka picha ili ionekane haikukatwa. Hifadhi faili kuu kwa TIFF, aina ya faili isiyopoteza ubora, na toa JPEG, aina nyepesi zaidi, kwa matumizi ya kila siku. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ikiskaniwa kwa 600 dpi kwa rangi inachukua takriban megabaiti 25, kwa hiyo picha elfu moja ni gigabaiti 25, na ukiskani na migongo yake ni 50. Diski ya kawaida inabeba hilo bila shida, hivyo usikubali kushawishiwa upunguze ubora eti kuokoa nafasi.

Na mgongo lazima uskaniwe. Huko ndiko kuna "Kwa kumbukumbu, nikukumbuke", tarehe, mhuri wa studio na jina la karatasi. Nimeona makumbusho kubwa zimeweka mtandaoni maelfu ya picha za Afrika Mashariki bila mgongo hata mmoja.

Umeme ukikatika, simu nzuri inafaa. Laza picha kwenye kitambaa cheusi karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima mwanga wa simu, na shika simu sambamba kabisa na picha. Ni nakala ya dharura, basi ikupe sababu ya kurudi.

Hatua ya 5: Namba kabla ya sifa

Kila picha ipate namba siku hiyo hiyo. Mfumo rahisi unatosha: herufi za kaunti, mwaka wa kupokea, namba ya mleta picha, namba ya picha. Kwa mfano KLF-2025-014-003 ni picha ya tatu ya mtu wa kumi na nne wa mwaka 2025. Mgongo wake uongezewe herufi B. Jina la faili liwe namba hiyo tu. Msiandike "harusi_ya_bibi_nzuri_final2", kwa sababu siku jina la bibi litakaposahihishwa itabidi mbadili kila mahali.

Rejista iwe jedwali la kompyuta, pamoja na daftari gumu la kuandikia kwa kalamu. Safu za lazima: namba, aliyeleta, mahali ilipopigwa, tarehe au kadirio, waliomo kutoka kushoto kwenda kulia, aliyepiga, kilichoandikwa mgongoni neno kwa neno, ngazi ya ruhusa, na aliyetoa maelezo. Safu ya mwisho hiyo wengi huisahau. Mtu akisema huyu ni chifu fulani na mwingine akasema siye, utataka kujua kila mmoja alikuwa nani na alisema lini. Andika zote mbili.

Msiandike kitu kwenye picha ya mtu kwa kalamu ya wino. Ikibidi, penseli laini, mgongoni, pembeni, na kwa idhini yake.

Hatua ya 6: Kuuliza

Hapa ndipo kazi ilipo. Picha isiyo na jina wala mahali itakuwa karatasi yenye watu wasiojulikana mara tu mwenye nayo akifariki, na hakuna skana ya kurekebisha hilo.

Ikishaskaniwa, ikuze kwenye skrini na mgeuzie mzee aione. Wazee wengi hawajawahi kuiona picha yao kubwa kiasi hicho. Macho yametiwa ukungu na karatasi ni ndogo. Ukiikuza, kumbukumbu inafunguka. Washa kinasa sauti cha simu kwa ruhusa yake, kisha uliza kidogo na unyamaze sana. Mazungumzo yakienda vizuri huwa hivi:

"Bi mkubwa, huyu aliyekaa ni nani?"

"Huyo ndiye marehemu kakangu. Ilikuwa anakwenda kazini Mombasa, bandarini."

"Na saa hii ya mkononi?"

"Si yake hiyo! Ya mwenye studio. Ukitaka saa unavaa, ukitaka koti unavaa, kisha unarudisha. Hata redio hiyo hapo mezani haina kitu ndani."

"Hapa nyuma yake pana mkono wa mtu begani."

"Ni mimi. Nilikatwa."

Swali la kawaida la "tueleze historia ya picha hii" lisingeyatoa maneno hayo. Yametoka kwa sababu aliulizwa kitu kilicho mbele ya macho. Kwa hiyo shuka kwenye vitu: kiti, viatu, mti, ishara ya duka, mbwa. Uliza nani alipiga na alilipwa nini. Uliza nani alipaswa kuwamo na hayumo. Uliza kulikuwa na nini upande ambao kamera haikuelekea.

Mwache aseme lugha yake. Mgiriama akilazimishwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti hugeuka kuwa mhutubu. Akisema Kigiriama anakuwa hawe, yaani bibi, anayesimulia. Mtafute kijana wa nyumba hiyo akae naye, naye atafasiri baadaye, tena huenda ndiye atakayekuja kuwaendeshea kituo.

Yapo mambo ya kuyaacha. Migogoro ya mashamba pwani inawaka moto, na picha ya nyumba ya zamani inaweza kuletwa kwenu si kwa mapenzi ya historia bali kwa ajili ya kesi. Ipokeeni kama nyingine, andikeni alichosema na kwamba amesema yeye, na msitoe barua yoyote ya kuthibitisha umiliki wa ardhi. Wekeni hilo kwenye fomu.

Hatua ya 7: Kukadiria tarehe

Mzee akisema "zamani za mkoloni" usimsumbue. Mwulize ilikuwa kabla au baada ya kuolewa, kabla au baada ya mtoto wa kwanza, halafu itazame picha yenyewe. Pwani tuna alama nyingi za kutusaidia.

Kivuko cha Kilifi kikiwamo na daraja halipo, picha ni ya kabla ya 1991, mwaka lilipofunguliwa daraja. Mombasa, daraja la Nyali lililoelea juu ya maji lilifunguliwa 1931, na hili la sasa 1980. Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ikipepea Malindi au Lamu, uko kabla ya Desemba 1963, maana ukanda wa pwani ulihesabiwa milki yake mpaka uhuru. Gari lenye namba ya mtindo wa KAA na herufi nyingine mwishoni haliwezi kuwa la kabla ya 1989. Picha ya rangi ya familia ya kawaida mara nyingi ni ya miaka ya 1970 kuja huku, na karatasi yenye kingo za mawimbi mara nyingi ni ya miaka ya 1940 hadi 1960.

Leso nazo husema. Ukiskani kwa 600 dpi unaweza kusoma jina lililochapwa kwenye leso ya mwanamke aliyesimama nyuma, na wazee wa kike watakumbuka leso hiyo ilitoka lini, nani alimnunulia na alimkusudia nani. Muulize mtu mwingine asiyeiona picha, na ulinganishe.

Andika kadirio kwa uwazi: "kati ya 1955 na 1963, kwa sababu ya bendera". Sababu ni muhimu kuliko mwaka.

Hatua ya 8: Vyombo

Picha zikianza kuzoeleka, watu wataanza kuwaletea vitu: mbuzi ya kukunia nazi iliyolika meno, taa ya chemli, cherehani ya mkono, santuri, kasha la Lamu, senti zenye tundu, kipande cha babu ndani ya kibweta chake cha chuma. Kipande, kile cheti ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kutembea nacho baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ni mfano mzuri wa chombo kidogo chenye mengi: kina jina, kabila, mwajiri na mshahara. Kipokee kwa mikono miwili.

Lakini kuna vitu vya kukataa, na orodha hiyo ibandikwe ukutani.

Kwanza vigango. Hizi nguzo huchongwa na kusimikwa kwa ajili ya marehemu wa Gohu, chama cha wazee wa heshima wa Wamijikenda, na hazing'olewi. Miaka ya 1980 ziliibwa kwa wingi zikauzwa kwa watalii na madalali, nyingi zikaishia Marekani. Viwili vilirudi 2007, na mwaka 2019 jumba la makumbusho la Denver likarudisha 30. Familia zilizoibiwa zilihesabu misiba na ukame tangu siku nguzo ilipotoka. Mtu akikuletea kigango hata kwa nia njema, mwambie kisitoke kwenye gari, na uwapigie wazee wa kaya na Makumbusho ya Taifa siku hiyo hiyo. Hivyo hivyo kwa chochote kilichotoka kaya au kaburini.

Pili, pembe za ndovu, ngozi za chui na nyara nyingine za wanyama pori. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kuwa nazo bila kibali, na "ni ya babu" si kibali. Siwa ya pembe ya Pate, lile baragumu kubwa, iliyoko makumbusho ya Lamu iko mahali pake halali. Bangili ya pembe iliyoletwa na jirani yako haiko. Tatu, bunduki za zamani, hata ziwe na kutu kiasi gani. Nne, vigae, shanga na sarafu zilizochimbwa kwenye magofu. Hizo ziko chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Aliyeziokota aelekezwe Gede au Malindi aonyeshe zilipotoka, maana kigae kilichong'olewa mahali pake kimepoteza zaidi ya nusu ya habari yake.

Kwa mnavyovipokea, pendeleeni mkopo kuliko zawadi. Mkopo wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa, wenye picha ya kitu pande zote, vipimo, mipasuko iliyokuwapo, na sahihi mbili. Zawadi nazo ni nzuri, ila ndugu wengine hujitokeza baada ya matanga, kwa hiyo mwombe mtoaji aje na mtu mwingine wa nyumba yake.

Namba usiibandike kwa gundi. Ifunge kwa uzi wa pamba na kitambulisho cha kitambaa. Shaba isisuguliwe kwa ndimu na majivu kila wiki. Kila msuguo unakula nakshi. Mbao na nguo zikaguliwe kabla hazijaingia ndani: unga mpya chini ya kasha ni dalili ya wadudu wanaotoboa. Zifunge kwenye plastiki pasipoingia hewa na uziweke kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha uziache zipate joto kabla ya kufungua mfuko. Mwenye bucha la samaki atakuazima kona ya friza ukimweleza vizuri. Dawa ya kupulizia usitumie. Inatia madoa na inadhuru wafanyakazi.

Hatua ya 9: Chumba

Adui wa pwani ni unyevu na chumvi. Picha hupenda unyevu wa asilimia 30 hadi 50; Kilifi hutapata hiyo bila mashine, basi lenga usivuke 65, kwa sababu hapo ndipo ukungu huanza kuota. Kipima unyevu ni kitu cha kwanza kununua. Chumba kiwe cha katikati ya jengo, si ukuta wa bahari, rafu za chuma zilizopakwa rangi, sentimita 15 kutoka sakafuni na mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite. Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni ni kibaya kuliko feni ya saa zote. Kupanda na kushuka kwa unyevu ndiko kunakopasua mbao. Bahasha ziwe za karatasi isiyo na asidi, au plastiki ya poliesta. Msitumie mifuko ya nailoni, gundi ya utepe wala kulaminisha. Picha iliyolaminishwa haitoki tena.

Faili za kompyuta zilindwe kwa kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mji mwingine. Diski ya kituoni, nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni, na diski ya pili Mombasa au Voi. Diski hizo zifunguliwe kila baada ya miezi sita kuona kama bado zinasoma.

Hatua ya 10: Kuonyesha

Onyesho la kwanza lifanyike pale pale picha zilipotoka. Chapisha nakala kubwa, zitundike kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, weka penseli na karatasi tupu chini ya kila picha. Watu wataandika majina. Watabishana. Mtarudi na maelezo mengi kuliko mliyokwenda nayo, na picha halisi haijatoka hata moja.

Mtandaoni wekeni JPEG ya ukubwa wa kati, upande mrefu pikseli 1600 hivi. Mhuri wa kaunti uliopigwa katikati ya uso wa marehemu ni ufidhuli. Ukipenda alama, weka chini kwenye ukingo. Maelezo yataje majina kwanza, halafu mahali, halafu tarehe. Mkipata picha zenye maelezo ya kikoloni, kama zile zaidi ya 7,000 za mkusanyiko wa Winterton zilizoko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, zinazohusu Afrika Mashariki ya 1860 hadi 1960, msiyafute maneno ya asili. Yawekeni kwenye alama za kunukuu na chini yake muandike mnachojua ninyi. Mkimtambua mtu au mahali, waandikieni wenye mkusanyiko. Maktaba kama hizo hupokea masahihisho.

Ombi la kuondoa picha lijibiwe ndani ya siku mbili: ondoa kwanza, uliza baadaye. Anayeomba huenda hana haki kisheria, lakini picha inaweza kurudi, na imani ya mtaa hairudi.

Mwisho, funguo. Nywila, rejista na diski zishikwe na watu wawili wasiohamishwa kwa pamoja, na mmoja wao asiwe mwajiriwa wa kaunti. Gavana hubadilika, mawaziri wa kaunti hubadilika, afisa aliyeanzisha kazi hupelekwa idara ya maji. Wekeni makubaliano ya maandishi na maktaba au chuo kilicho karibu kwamba kituo kikifungwa, nakala kamili ya faili na daftari la rejista zihamie huko, pamoja na ngazi zote za ruhusa mlizowaahidi wenye picha.